Miche Minne ya Nyanya Bonge

Majirani walimwita Bi Pasi, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi yake. Alipiga pasi katika nyumba kubwa ya dobi, siku sita kwa wiki. Alinyoosha mashuka ya hoteli, makoti ya madaktari na vitambaa vya meza. Alisimama tangu asubuhi hadi jua lilipokaribia kuzama. Mvuke ulimpanda usoni, na mkono wake wa kulia ulijaa alama ndogo ndogo za moto.

Jioni alirudi nyumbani kwa miguu. Akifika, alivua viatu na kukaa juu ya ndoo iliyopinduliwa pale mlangoni. Miguu ilikuwa imevimba, na mikanda ya viatu ilikuwa imeacha mistari juu ya ngozi.

"Umerudi, mwanangu?" mama mkwe wake aliuliza kutoka ndani.

"Nimerudi, Mama."

"Nyanya umeziona?"

Swali lilikuwa hilo hilo kila jioni. Habari za kazi zilikuja baadaye. Nyanya kwanza.

Nyanya zenyewe zilikuwa nyuma ya nyumba, ukutani, upande unaopata jua. Zilikuwa miche minne ndani ya ndoo nne za lita ishirini. Nyumbani waliziita nyanya bonge. Hazikuwa za duara kama zile za sokoni. Zilikuwa pana, zenye mikunjo begani, na nyama nyingi na mbegu chache. Bonge moja lililoiva vizuri lilijaza viganja viwili. Ukilikata, kipande kimoja kilifunika sahani ya chai.

Mbegu yake haikununuliwa dukani. Mama mkwe alipewa na mama yake, na mama yake alipewa na wake. Kila mwaka walipanda, walikula, na waliweka mbegu. Mwaka huu mama mkwe alifungua kitambaa chake cha mbegu akakuta zimebaki kumi na mbili tu. Mavuno mawili yaliyopita yalikuwa haba. Kati ya zile kumi na mbili, zilizoota ni nne.

"Hakuna nyingine," mama mkwe alisema siku ile. "Hizi zikifa, basi. Jina la nyanya bonge litabaki mdomoni."

Magoti ya mama mkwe yalikuwa yameanza kukataa kazi, na macho yake yaliona ukungu. Kwa hiyo alimkabidhi mkwewe kazi ile. Alimkabidhi pamoja na sharti la ukoo wao: nyanya bonge inajua mkono mmoja. Mtu mmoja anapanda, mtu huyo huyo anamwagilia, na mtu huyo huyo anachuma. Mwingine yeyote asiguse.

"Hata mimi?" mume wa Bi Pasi aliuliza.

"Hata wewe. Wewe hasa," mama yake alijibu.

Mume alicheka. Yeye alikuwa mlinzi wa ghala. Alifanya kazi usiku na kurudi asubuhi, wakati mkewe anatoka. Walikutana mlangoni kama watu wa zamu. Mmoja alisema "safari njema" na mwingine akasema "lala salama". Kazi ya bustani nayo sharti lilikuwa limemwondolea, basi yeye akaona amepona.

Hivyo kazi yote ikabaki kwa Bi Pasi. Asubuhi alitoka na giza, hakuona hata rangi ya majani. Jioni, siku nyingine alikumbuka kumwagilia. Siku nyingine alikaa juu ya ile ndoo kupumzika kidogo, na usingizi ukamchukua hapo hapo. Zikipita siku mbili au tatu, majani yalilegea kama nguo zilizotoka kwenye maji. Ikifika siku yake ya mapumziko, aliona aibu. Alichota maji ndoo baada ya ndoo. Alimwaga mpaka maji yakatoka chini na kutambaa uani.

"Nawalipa deni la wiki nzima," aliiambia miche. "Msininunie."

Miche haikununa. Ilirefuka, ikatoa maua ya manjano, na maua yakageuka matunda ya kijani. Bi Pasi alimshukuru Mungu kila alipoyaona.

Kisha jioni moja aliinua tunda la kwanza lililokuwa likielekea kuiva. Lilikuwa zuri kwa juu. Akaligeuza. Kitako chake kilikuwa cheusi, kimebonyea, kikavu kama ngozi ya kiatu.

Aligeuza la pili. Nalo vile vile. La tatu lilikuwa halina weusi, ila lilikuwa limepasuka kutoka begani hadi tumboni.

Alisimama pale muda mrefu. Miguu ilimuuma, lakini alisahau kukaa.

"Nyanya umeziona?" mama mkwe aliita kutoka ndani.

"Nimeziona, Mama."

"Zimefikia wapi?"

Bi Pasi alitazama lile tunda mkononi. "Zinaendelea," alisema.

Ulikuwa uongo mdogo, na ulimlemea kuliko lundo la mashuka. Alichuma yale mabovu akayafukia kwenye taka, chini ya maganda. Alipoomba kabla ya kulala, maneno yalikuwa machache. "Bwana, nimechoka. Mbegu ya watu isife mikononi mwangu."

Siku yake ya mapumziko ilipofika, alikwenda kwa muuza dawa za mimea. Muuzaji hakuuliza maswali mengi. Alimpa chupa ya dawa ya wadudu. Bi Pasi alifunga kitambaa puani akanyunyiza kila jani, mbele na nyuma. Kisha, kama kawaida yake, akamwaga maji ndoo baada ya ndoo.

Wiki iliyofuata, matunda mengine matano yalikuwa na kitako cheusi.

* * *

Mambo yalifichuka kwa sababu ya bomba la uani. Lilikuwa likivuja siku nyingi, na jirani yao wa chumba cha mbele alikuja kulirekebisha. Alikuwa fundi bomba. Watu walimwita Koki. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mifuko mingi kwenye suruali, na kila mfuko ulilia alipotembea.

Ilikuwa siku ya mapumziko ya Bi Pasi. Mumewe alikuwa ameamka, anakunywa chai akiwa na fulana. Mama mkwe aliomba aletewe kiti nyuma ya nyumba.

"Leo nataka kukaa na nyanya zangu," alisema. "Jua ni zuri."

Bi Pasi alisimama mlangoni, akiziba njia. "Mama, huku nyuma kuna tope. Fundi anatengeneza bomba."

"Nimeishi na tope miaka sabini. Lete kiti."

Kiti kililetwa. Mama mkwe alikaa karibu na ndoo ya kwanza. Macho hayakumsaidia sana, kwa hiyo alinyoosha mkono. Vidole vyake vilipanda shina, vikapita majani, vikafika kwenye kichala. Vililishika tunda moja kubwa, vikalipima uzito, naye akatabasamu. Kisha vikazunguka chini.

Tabasamu likaisha.

Aligusa la pili. Aligusa la tatu. Koki aliacha kukaza bomba.

"Tangu lini?" mama mkwe aliuliza.

"Wiki tatu, Mama," Bi Pasi alijibu.

"Na kila siku unaniambia zinaendelea."

"Ndiyo, Mama."

"Zinaendelea kwenda wapi? Kaburini?"

Bi Pasi aliinamisha kichwa. Mume aliweka kikombe chini. "Mama, usimkaripie. Kuna mtu katupia jicho baya hapa. Haiwezekani nyanya zioze zikiwa bado mtini."

Koki alikohoa. Alikuwa ameshika spana mkononi. "Samahani, ndugu zangu. Mimi nimekuja kwa bomba. Lakini naweza kuona?"

"Wewe unajua nini habari za nyanya?" mume alimuuliza. "Si wewe uliyeua hata mnanaa kwenye kopo?"

"Mnanaa ni kitu kingine. Nyanya nimelala nazo, bwana. Nililaza mabomba kwenye shamba kubwa la mboga miaka mitatu. Ukilaza bomba vibaya, unamwona bwana shamba analia. Nilijifunza kwa kilio chake."

Mama mkwe hakutaka kucheka, lakini pua yake ilitoa sauti. "Angalia. Ila usiguse."

Koki aliweka mikono nyuma kama mwanafunzi. Aliinama, akatazama tunda kutoka chini. Akatazama majani. Akaukanyaga udongo wenye maji uani.

"Shemeji," alimwambia Bi Pasi, "hapa hakuna jicho baya. Wala hakuna mdudu. Umepiga dawa?"

"Nimepiga. Mara mbili."

"Basi umempa dawa mtu asiyeumwa. Mdudu angeacha tundu, au kinyesi, au njia yake kwenye jani. Haya majani ni mazima. Na tafadhali, usipige tena bila kujua unachopiga. Dawa ile mnaila nyinyi. Kwenye chupa wameandika siku ngapi za kusubiri kabla ya kula. Zihesabu kwanza."

"Sasa kitako kinaozaje?" mama mkwe aliuliza.

"Mama, niambieni. Maji mnamwagilia vipi?"

Bi Pasi alieleza. Alieleza siku anazokumbuka na siku anazozidiwa. Alieleza ndoo baada ya ndoo ya siku ya mapumziko. Sauti yake ilikuwa ndogo, kama anatoa ushahidi dhidi yake mwenyewe.

Koki alitikisa kichwa taratibu. "Ndipo hapo. Sikilizeni. Tunda hujengwa na vitu vilivyo kwenye udongo. Kimojawapo ni madini ya chokaa. Hayo ndiyo yanayokaza nyama ya tunda. Lakini madini hayana miguu. Yanabebwa na maji. Maji yanaingia kwenye mzizi, yanapanda shina, yanafika jani, yanafika tunda. Kitako cha tunda ndicho cha mwisho kwenye mstari. Kama bomba la nyumba ya mwisho mtaani. Maji yakipungua, nani anakosa kwanza?"

"Nyumba ya mwisho," mume alisema.

"Haya. Kitako kinakosa, nyama yake inakufa, inakuwa nyeusi. Na hizi bonge ni kubwa, zina njaa kuliko nyanya ndogo. Ndiyo maana zinaumia zaidi."

"Na hili lililopasuka?" Bi Pasi aliuliza.

"Hilo limekaa na kiu siku tatu, ngozi ikakakamaa. Halafu umelimwagia ziwa. Nyama ikavimba kwa siku moja, ngozi ikashindwa kufuata. Kama mtu aliyefunga siku tatu halafu anakula sufuria nzima. Shati litabaki na vifungo?"

Mume alicheka. Bi Pasi hakuweza.

"Kwa hiyo ni mimi," alisema. "Nimeziua mimi."

"Hazijafa, shemeji. Hizi zilizoharibika zitoe, zisinyonye nguvu bure. Juu huko kuna maua mapya na vitunda vidogo. Hivyo vinaokoka. Ila vinataka maji kila siku. Kiasi kile kile. Asubuhi, kabla jua halijawaka. Ndoo haina udongo mwingi, inakauka upesi. Siku ya joto kali, mziangalie na jioni pia." Aliwatazama mmoja mmoja. "Sasa asubuhi nani yupo nyumbani?"

Mume alitazama chai yake. Asubuhi alikuwepo yeye, na mama yake.

"Nyanya hii inajua mkono mmoja," mama mkwe alisema.

Bi Pasi alikuwa amesimama muda wote huo. Alikuwa hajawahi kumpinga mama mkwe. Hakukusudia kumpinga hata sasa. Maneno yalitoka yenyewe, polepole, bila hasira.

"Mama, mkono wenyewe umechoka."

Aliunyoosha. Wote waliutazama, na zile alama zake za moto. Mama mkwe hakuuona vizuri. Aliushika. Vidole vyake vilipita juu ya kila alama, kama vilivyopita juu ya nyanya.

"Hizi zote ni za kazini?" aliuliza.

"Ndiyo, Mama."

Mama mkwe alikaa na mkono ule mapajani mwake. Bomba lilidondosha tone, likadondosha lingine.

"Mama yangu alikuwa na watoto tisa," alisema mwishowe. "Mwaka mmoja kila mtoto alikwenda kumwagilia nyanya ili asifiwe. Mmoja asubuhi, mwingine baada yake, mwingine tena. Mizizi ikaoza kwa maji. Ndipo akasema, kuanzia leo mkono mmoja. Akamchagua dada yangu, ambaye alikuwa anashinda nyumbani. Baada yake nikashika mimi, nami nilikuwa nashinda nyumbani." Aliusugua mkono ule taratibu. "Sikufikiria kwamba wewe hushindi."

"Mama yako aliona sawa," Koki alisema kwa upole. "Alichokataa ni maji kuzidi. Basi kinachotakiwa kiwe kimoja ni kipimo. Akimwagilia yeyote, iwe kipimo hicho hicho, na mtu ajue mwenzake kama amemwagilia."

Mama mkwe aligeuza uso upande wa mwanawe. "Wewe mlinzi."

"Naam, Mama."

"Unarudi saa ngapi?"

"Saa kumi na moja na nusu. Lakini Mama, nakuwa nimekesha—"

"Na mke wako amekesha miaka kumi. Kabla hujalala, utaniletea kiti hapa na utachota maji. Mimi nitapima, wewe utamwaga."

"Si ulisema mimi hasa nisiguse?"

"Nilisema. Sasa nimesema hivi."

* * *

Siku ile ile walianza. Koki alieleza, na wote walifanya, hata mama mkwe akiwa amekaa.

Kwanza walitoa matunda yote yenye kitako cheusi na yaliyopasuka. Walikata majani ya chini yaliyokuwa yakigusa udongo, kwa sababu ugonjwa hupandia hapo. Walisimamisha mti imara katika kila ndoo na kufunga shina kwa kitambaa laini, wakiacha nafasi ya kunenepa. Bonge ni zito, na shina pekee haliwezi kulibeba. Walihakikisha matundu ya chini ya ndoo hayajaziba. Kisha walifunika udongo kwa nyasi kavu, unene wa vidole vitatu, bila kuligusa shina. Nyasi huzuia jua lisinyonye maji.

Koki alichukua chupa nne za plastiki. Alizikata vitako, akatoboa tundu dogo la sindano kwenye kila kifuniko. Alizifukia kichwa chini kando ya mizizi. Ukijaza chupa, maji yalitoka tone kwa tone.

"Kazi yangu ni kuziba," alisema huku akitoboa. "Wateja wangu wakiniona hapa, nimekwisha."

"Tutasema ulikuwa umelewa," mume alimtuliza.

Mama mkwe alipewa kazi ya kupima. Kila asubuhi alichomeka kidole kwenye udongo hadi kiungo cha pili. Kikitoka kikavu, aliagiza chupa mbili kwa kila ndoo. Kikitoka na ubaridi, chupa moja. Kikitoka na tope, aliagiza wasimwage kabisa. Baada ya kumwagilia, mume aliweka kijiwe juu ya dirisha, ili mkewe akirudi jioni ajue kazi imefanyika.

Haikwenda sawa tangu mwanzo. Siku ya nne mume alirudi amechoka, akalala na viatu, na hakumwagilia. Siku ya tano alitaka kulipiza kwa kumwaga chupa tano. Mama yake alimshika suruali.

"Unataka kuzipasua tena? Ya jana yamepita. Mwaga ya leo."

Mume alirudisha maji kwenye ndoo ya kuchotea, ananung'unika kwamba hata kazini hasimamiwi hivyo.

Yale matunda waliyochuma hawakuyatupa. Koki aliwaambia kitako cheusi si sumu. Unakata sehemu mbovu pamoja na kipande cha nyama nzima, na kilichobaki unapika. Ila tunda lenye ukungu au harufu mbaya, hilo litupe lote. Siku ya mapumziko iliyofuata, mume aliwasha jiko mwenyewe. Matunda yaliyokuwa yamechumwa yakiwa yameanza kugeuka rangi yalikuwa yameivia ndani, kwenye kivuli. Walikuwa wamengoja zile siku za dawa zipite, na waliyaosha vizuri.

"Bonge halipikwi kwa haraka," mama yake alimwelekeza kutoka kitini. "Toa kile kiini kigumu karibu na kikonyo. Kata vipande vikubwa. Kaanga kitunguu kwanza, taratibu, mpaka kilainike. Sasa tia nyanya. Usiongeze maji! Maji limebeba lenyewe. Usifunike. Moto mdogo. Acha litoe maji yake, halafu liyanywe tena."

"Chumvi?"

"Mwishoni. Mchuzi ukipungua, chumvi inazidi. Na ukiiva hamisha kwenye bakuli, usiuache ulale kwenye sufuria ya bati. Ukali wa nyanya unakula sufuria."

Mchuzi ulikuwa mzito, mwekundu, wenye utamu bila sukari. Waliula kwa maharage ya kuchemsha. Bi Pasi alikula akiwa amekaa chini, mgongo ukutani. Ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kula kitu ambacho hakukipika. Alitafuna polepole, na alimshukuru Mungu kwa kila kijiko.

* * *

Wiki sita zilipita. Kazi ya dobi haikupungua. Mashuka yalikuja vile vile, na miguu ilivimba vile vile. Lakini jioni Bi Pasi alipokuta kijiwe juu ya dirisha, alijua hana deni kwa miche.

Vichala vya juu vilikua. Mama mkwe alivigusa kila asubuhi, na kila asubuhi vidole vyake vilizunguka chini kwa hofu. Kitako kilikuwa laini. Kesho yake laini. Wiki iliyofuata laini.

Mche wa tatu ulizaa vizuri kuliko yote. Ulikuwa na afya tangu mizizi hadi ncha, na ulibeba bonge moja lililoshinda mengine. Lilipoanza kuwa jekundu, mume alilizunguka kama mlinzi na mwizi kwa wakati mmoja.

"Hili tukilikata vipande vinene, chumvi kidogo, kitunguu kidogo..."

"Hili haliliwi," mama yake alisema. "Hili ni la mbegu."

"Mama, lakini hili ndilo bora!"

"Ndiyo maana. Miaka miwili iliyopita tulikula bora, tukaweka mbegu za yale yaliyobaki, yaliyosinyaa kwenye miche dhaifu. Kosa lile ni langu. Nilikuwa na uroho."

Koki alikuja kusikiliza, maana habari za mbegu hakuzijua. Safari hii yeye ndiye aliyeuliza, na mama mkwe ndiye aliyefundisha.

Waliliacha tunda liive kabisa, mpaka likalainika mtini. Walilikata kwa upana na kukamua mbegu pamoja na maji yake ndani ya glasi. Nyama iliyobaki walimpa mume, akatulia. Glasi waliifunika kitambaa chepesi na kuiweka mahali pa joto, pasipo jua.

"Kwa nini usioshe tu ukaanika?" Koki aliuliza.

"Mbegu imevaa utelezi. Utelezi huo unaizuia isiote. Uache uchachuke siku mbili, tatu. Utaona povu na harufu mbaya. Usiogope, na usipitishe hapo, isije ikaota ndani ya glasi."

Siku ya tatu waliongeza maji na kukoroga. Mbegu nzima zilizama. Nyepesi zilielea, wakazimwaga. Waliosha kwa chujio mpaka maji yakawa safi. Walizitandaza juu ya sahani, si juu ya karatasi, maana hugandia. Walizianika kivulini, na mume alizigeuza kila alipoamka, mpaka zikawa kavu na za kuteleza mkononi.

Zilikuwa nyingi, lakini mama mkwe hakufurahi bado. "Mbegu kavu haisemi kama ni hai," alisema.

Alichagua kumi. Alizifunga ndani ya kitambaa chenye unyevu, akakiweka katika bakuli na kulifunika. Alikitia maji matone machache kila siku, na hakuruhusu mtu yeyote afungue.

Siku ya nane Bi Pasi alirudi jua likiwa bado juu ya mapaa. Siku hiyo walikuwa wamepiga pasi mapazia ya ukumbi mzima. Mikono ilikuwa mizito kama si yake. Alimkuta mumewe hajaondoka kwenda kazini, amesimama mlangoni na sare. Koki naye alikuwepo. Mama mkwe alikuwa na bakuli mapajani.

"Hatujafungua," mumewe alisema. "Kasema mpaka uje."

"Kaa kwanza," mama mkwe alimwambia Bi Pasi. "Miguu yako weka hapa."

Palikuwa na beseni la maji ya vuguvugu. Bi Pasi alikaa, akaingiza miguu. Mama mkwe alimwekea bakuli mikononi.

"Mimi sioni vizuri. Hesabu wewe. Usinidanganye tena."

Bi Pasi alifunua kitambaa. Mbegu zilikuwa zimepasuka, na kila moja ilikuwa imetoa mzizi mweupe, mwembamba kama uzi wa kushonea. Alihesabu kwa kidole. Moja, mbili, tatu. Alipofika mwisho, moja ilikuwa imelala kimya.

"Tisa, Mama."

"Kati ya ngapi?"

"Kati ya kumi."

"Rudia."

Alirudia. Zilikuwa tisa.

Mama mkwe alinyoosha mkono. Alipapasa mpaka akapata kichwa cha mkwewe, akaweka kiganja juu yake.

"Sahani imejaa mbegu," alisema. "Fundi atachukua fungu lake, na wenzako wa dobi wapelekee. Zisikae tena nyumba moja. Sasa lala, mwanangu."

"Hapa hapa?"

"Hapa hapa. Chakula kipo jikoni. Tutakuamsha."

Mumewe alilichukua bakuli taratibu. Bi Pasi aliegemeza kichwa kwenye goti la mama mkwe, miguu ikiwa bado ndani ya maji. Alianza kumshukuru Mungu, na usingizi ukamkuta katikati ya shukrani.